Jinsi ya Kusoma Mkataba wa Gesi na Mafuta, Hatua kwa Hatua, Hadi Ujue Nani Anapata Nini

Diwani mmoja wa mkoa wa Lindi alinifuata baada ya semina akiwa na nakala ya mkataba aliyoitoa intaneti na kuichapa stesheneri. Kurasa zaidi ya mia. Alikuwa amepiga mstari mwekundu mahali pamoja tu, kwenye asilimia ya mgawo wa serikali. Nikamuuliza, "Asilimia hiyo ni ya nini, mheshimiwa?" Akaitazama tena karatasi, akanyamaza.

Swali hilo hilo limewakwamisha waandishi wa habari, wanafunzi wa sheria na hata wabunge niliokaa nao. Wanaanzia katikati ya mkataba, wanaokota namba moja na kuishikilia. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Nimetumia Tanzania Bara kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa karibu. Aliye Kenya atashika Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, na aliye Uganda sheria ya utafutaji na uzalishaji wa petroli ya mwaka 2013. Majina ya taasisi yatabadilika lakini hatua zitabaki hizi hizi.

Tenga siku mbili. Kazi hii haimaliziki kwa saa moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mkataba wenyewe. Kwa gesi na mafuta ya Tanzania ni mkataba wa ugawanaji mapato, ambao kila mtu wa sekta huuita PSA. Tafuta pia kila nyongeza iliyosainiwa baadaye.
- Mfano wa PSA wa mwaka 2013 uliotolewa na TPDC, shirika la mafuta la taifa. Huu ni mkataba wa kielelezo ambao serikali huanza nao mazungumzo. Utakuwa kipimo chako.
- Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, pamoja na mbili zilizopitishwa mwaka huo huo: ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi.
- Sheria mbili za mwaka 2017: Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, na ile ya mapitio na majadiliano kuhusu masharti hasi katika mikataba ya maliasili.
- Ripoti za TEITI, chombo cha Tanzania cha uwazi katika uziduaji, zinazoonyesha kampuni zinasema zimelipa nini na serikali inasema imepokea nini.
- Ripoti ya mwaka ya kampuni mama, kama hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa. Usiiache hii; nitaeleza sababu kwenye hatua ya 2.
- Daftari, kalamu za rangi mbili na kikokotoo. Cha simu kinatosha.

Mikataba hii imeandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria. Kama hukimudu, tafuta mtu mmoja wa kusoma naye na msome kwa sauti. Nimeona hilo likifanya kazi kuliko tafsiri ya mashine.

## Hatua ya 1: Panga nyaraka kwa ngazi ya nguvu

Chukua ukurasa mzima wa daftari, uandike kutoka juu kwenda chini: Katiba, sheria, kanuni, leseni, mkataba, nyongeza. Kisha mbele ya kila moja weka tarehe yake.

Kwa nini? Mkataba hauelei hewani. Sheria ndiyo inayosema nani anamiliki gesi, nani anaweza kutoa leseni na kodi ni kiasi gani. Leseni inasema eneo gani na kwa muda gani. Mkataba unasema kazi, gharama na mgawanyo. Mtu akikuambia "mkataba unaruhusu", uliza kama sheria inaruhusu.

Jambo linalowachanganya wengi ni jina lililo kwenye leseni. Kwa sheria ya 2015, leseni hupewa TPDC. Kampuni ya kigeni huingia kama mkandarasi kupitia PSA. Msimamizi wa mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, ni PURA, iliyoundwa na sheria hiyo. EWURA inashika mkondo wa kati na wa chini: mabomba, usambazaji, bei. Ukipeleka swali la gharama za visima EWURA utazungushwa bure.

Tahadhari. Mikataba mingi inayofanya kazi leo ilisainiwa chini ya sheria ya mwaka 1980, na sheria mpya iliiacha iendelee. Ndani yake utaona TPDC akipewa kazi za usimamizi ambazo leo ni za PURA. Usidhani umepata kosa. Angalia tarehe kwanza, halafu soma masharti ya mpito mwishoni mwa Sheria ya Petroli.

Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2016 na mamlaka yake. Mkataba wa kitalu (eneo la kutafutia mafuta na gesi) cha Pemba na Zanzibar uliosainiwa Oktoba 2018 na RAK Gas ya Ras Al Khaimah unasomwa kwa sheria hiyo, hausomwi kwa hii ya Bara.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye ngazi sita, kila ngazi ina tarehe, na unaweza kusema kwa sentensi moja kila ngazi inatawala nini.

## Hatua ya 2: Hakikisha una mkataba kamili, na kama haupo, tafuta mlango wa nyuma ulio halali

Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu Namba 2, kule bahari kuu, ilivuja. Mjadala ukawaka kwa sababu mgawanyo uliokuwamo ulikuwa tofauti na ule ambao watu waliuona kwenye mkataba wa kielelezo. Waliokuwa wamesoma kielelezo peke yake walikuwa wamepiga hesabu za nchi kwa namba ambazo hazikuwa zinatumika. Novemba mwaka huo huo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilifika hatua ya kuagiza viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba ya gesi.

Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha darasa zima kwa mkataba wa asili bila kujua kwamba kifungu cha gharama kilikuwa kimebadilishwa na nyongeza. Ilibidi niwapigie simu washiriki mmoja mmoja kuwaomba wafute ukurasa ule. Tangu siku hiyo sianzi hesabu kabla ya kuuliza: kuna nyongeza?

Kama mkataba hujaupata, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Angalia tovuti ya TEITI na ya resourcecontracts.org. Tanzania ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa uwazi, EITI, ambao unataka mikataba iliyosainiwa au kubadilishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021 iwekwe hadharani.
2. Tafuta kampuni mama imesajiliwa wapi na hisa zake zinauzwa wapi. Kampuni yenye wanahisa kwenye soko la hisa inalazimika kuwaeleza masharti yanayogusa mapato yao.
3. Tafuta ripoti ya malipo kwa serikali. Kanada, Norwei, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria zinazolazimisha kampuni za uziduaji kutaja zimelipa kila serikali kiasi gani.

Songo Songo, eneo la gesi kule Kilwa, ni mfano mzuri. Kampuni mama ya mkandarasi, Orca Energy Group, imesajiliwa British Virgin Islands na hisa zake ziliorodheshwa TSX Venture, soko la hisa la Kanada. Kwenye taarifa zake kwa wanahisa imeeleza kikomo cha urejeshaji gharama na jedwali zima la mgawanyo wa faida. Watu wa Kilwa wamelia miaka mingi kwamba mkataba ni siri, huku mwanahisa wa Kanada akilisoma jedwali hilo mezani kwake. Inaniuma kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo hali, na jedwali lile nawe unaweza kulisoma leo.

Tahadhari. Muhtasari wa kampuni umeandikwa kwa macho ya mwekezaji. Ni ushahidi mzuri wa namba, lakini si wa wajibu wa kampuni kwa mazingira au kwa wananchi.

Umefaulu ukiwa umeandika orodha ya nyaraka ulizonazo, ulizokosa, na kwa kila uliyoikosa, chanzo mbadala ulichokitumia.

## Hatua ya 3: Mtambue aliyesaini

Fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa mkataba. Andika jina kamili la kila kampuni, nchi iliyosajiliwa, na hisa zake kwenye kitalu.

Mara nyingi utakuta anayesaini si ile kampuni kubwa unayoijua kwenye matangazo. Ni kampuni tanzu, pengine ofisi moja na akaunti moja, iliyoundwa kwa ajili ya kitalu hicho. Kwa hiyo tafuta dhamana ya kampuni mama. Bila hiyo, kampuni tanzu ikishindwa kuchimba kisima ilichoahidi au ikiacha uchafu baharini, utakayemdai hana kitu.

Angalia pia TPDC ana hisa ngapi za ushiriki, na nani anamlipia gharama mwanzoni. Mkandarasi akimbebea gharama, atazidai baadaye kutoka kwenye gesi. Ushiriki huo una bei.

Umefaulu ukiwa na mchoro mdogo wa visanduku: kampuni tanzu chini, kampuni mama juu, nchi ya kila moja pembeni, na alama ya dhamana kama ipo.

## Hatua ya 4: Chora mstari wa muda wa leseni

Leseni ya utafutaji huanza kwa miaka minne, ikaongezwa minne, kisha mitatu. Jumla kumi na moja. Kila inapoongezwa, kampuni hurudisha sehemu ya eneo. Mfano wa PSA unataka nusu. Kila kipindi kina kazi ya lazima: uchunguzi wa miamba kwa mitetemo wa kiasi fulani, visima kadhaa, na fedha za chini kabisa za kutumia.

Kwa nini ni muhimu? Bila masharti haya kampuni inaweza kukikalia kitalu ikisubiri bei ipande ili imuuzie mwingine. Kazi ya lazima na urudishaji wa eneo ndiyo dawa ya udalali huo.

Gesi ikipatikana inafuata leseni ya uendelezaji ya miaka 25. Ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001. Jumlisha mwenyewe: inafika kikomo Oktoba 2026. Ya Mnazi Bay kule Mtwara, iliyotolewa 2006, inaangukia 2031. Tarehe hizi ziandike kwa kalamu nyekundu. Nguvu ya serikali ya kujadili masharti huwa kubwa mara mbili tu: kabla ya kusaini na leseni inapokaribia kuisha. Anayezinduka katikati amekuta meza imeshafungwa.

Tahadhari. Usichanganye muda wa leseni na muda wa mkataba wa kuuziana gesi. Huo wa pili ni kati ya muuzaji na mnunuzi, mfano kiwanda au shirika la umeme TANESCO, na una tarehe zake.

Umefaulu ukiwa na mstari wenye tarehe ya kuanza, kila kuongezwa, eneo lililorudi, visima vilivyoahidiwa na vilivyochimbwa kweli.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya mgawanyo kwa ngazi, usiruke hata moja

Hapa ndipo yule diwani aliponyamaza. Kaa hapa nusu siku.

Mpangilio wa fedha kwenye PSA ni kama sufuria moja ya wali inayozunguka mezani. Wa kwanza akichota, wa pili anachota kwenye kilichobaki. Kwa hiyo kila asilimia utakayoiona, jiulize mambo matatu: asilimia ya nini, baada ya kutolewa nini, na kwa kiwango gani cha uzalishaji?

### Mpangilio wa kuchota

1. Mrabaha, yaani sehemu ya nchi kama mwenye rasilimali. Hutoka kwenye jumla. Mfano wa PSA wa 2013 unataka asilimia 12.5 kwa nchi kavu na maji mafupi, na 7.5 kwa bahari kuu.
2. Gesi ya gharama. Mkandarasi anarudisha alichotumia, hadi kikomo. Kielelezo cha 2013 kinaweka kikomo cha asilimia 50 ya kilichobaki baada ya mrabaha. Songo Songo kikomo ni asilimia 75.
3. Gesi ya faida. Kinachosalia ndicho TPDC na mkandarasi wanachogawana.
4. Kodi ya mapato. Asilimia 30 ya faida ya mkandarasi inayotozwa kodi.
5. Ushuru wa huduma kwa halmashauri, sehemu ndogo tu ya asilimia moja ya mauzo. Kwa Kilwa na Mtwara huu ndio mstari unaogusa madawati ya shule moja kwa moja.

### Mfano wa kufanya mwenyewe

Namba hizi nimezitunga ili zihesabike kirahisi. Tuseme kitalu cha bahari kuu kimeuza gesi ya dola milioni 100 kwa mwaka, gharama ambazo hazijarudishwa ni milioni 400, na mgawo wa ngazi ya kwanza ni 60 kwa TPDC na 40 kwa mkandarasi.

- Mrabaha: milioni 7.5. Zinabaki 92.5.
- Gharama: kikomo ni nusu ya 92.5, yaani 46.25. Mkandarasi anazichukua zote, na deni lililobaki linahamia mwaka ujao.
- Faida ya kugawana: 46.25. TPDC anapata 27.75, mkandarasi 18.5.

Upande wa nchi, kabla ya kodi, umepata 7.5 na 27.75, jumla 35.25. Kwa hiyo ile "asilimia 60" iliyotangazwa redioni ni asilimia 35 ya fedha zilizoingia mwaka huo.

Sasa futa kikomo cha 50, weka 70, uache mengine yote kama yalivyo. Gharama zinakuwa 64.75, faida 27.75, na TPDC anapata 16.65. Jumla ya nchi inashuka hadi 24.15. Mgawo bado ni 60 kwa 40. Hakuna aliyegusa "asilimia" iliyo kwenye vichwa vya habari, na milioni kumi na moja zimehama upande.

Fanya tena ukijifanya mwaka wa kumi na tano umefika, gharama zilizobaki ni milioni 10 tu. Faida inakuwa 82.5, TPDC anapata 49.5, na pamoja na mrabaha nchi inapata 57. Hapo utaelewa kwa nini miaka ya mwanzo huwa myembamba hata mkataba ukiwa mzuri, na kwa nini mwanasiasa anayeahidi neema mwaka wa kwanza hajaupiga hesabu.

### Ngazi za uzalishaji

Mgawo wa faida hubadilika uzalishaji ukipanda. Soma kwa makini kama ngazi mpya inatumika kwa uzalishaji wote au kwa kile kilichozidi tu, kama kodi ya PAYE kwenye mshahara. Tuseme futi za ujazo milioni 150 za kwanza kwa siku TPDC anapata 60, na zinazozidi hapo 65. Kwa uzalishaji wa milioni 200, jibu si 65. Ni 150 mara 60, jumlisha 50 mara 65, gawa kwa 200: asilimia 61.25.

Kisha angalia ngazi inapanda kuelekea kwa nani. Kwa kawaida uzalishaji ukiongezeka, sehemu ya nchi nayo huongezeka. Songo Songo imepangwa kinyume: mkandarasi anaanza na asilimia 25 ya faida, anapanda, na uzalishaji ukipita futi milioni 50 kwa siku ngazi yake inafika 55. Hoja yake ilikuwa kumpa moyo wa kutafuta wateja wakati soko la gesi Dar es Salaam lilikuwa halijazaliwa. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati ule. Lakini jiji lilipokuja kuitaka gesi yote, ngazi ilibaki pale pale, na mfano huu unaonyesha kwa nini kipengele cha kupitia upya masharti kinafaa kiwemo tangu mwanzo.

### Nani analipa kodi kwa fedha za nani

Hiki ndicho kifungu kinachorukwa kuliko vyote. Baadhi ya mikataba ya zamani husema kodi ya mapato ya mkandarasi itafidiwa kutoka kwenye mgawo wa TPDC. Mkandarasi ana risiti ya kodi, ila aliyebeba mzigo ni shirika la umma. Ukijumlisha kodi na mgawo wa TPDC bila kuona kifungu hiki, umehesabu shilingi moja mara mbili.

Umefaulu ukiwa na karatasi tatu za hesabu, mwaka wa mwanzo, wa kati na wa mwisho, na kila asilimia ina maneno "ya…" na "baada ya…" mbele yake.

## Hatua ya 6: Ingia kwenye kiambatisho cha uhasibu

Watu hufunga mkataba wakifika kwenye viambatisho. Huko ndiko fedha zinakolindwa au kuvuja.

Soma gharama zipi zinarudishwa na zipi hazirudishwi. Tafuta hasa:

- Ada ya makao makuu ya kampuni mama: ina kikomo?
- Riba ya mkopo kutoka kampuni dada: inaruhusiwa?
- Vifaa vilivyonunuliwa kwa kampuni ya familia moja: kwa bei ya soko?
- Gharama za kitalu kingine: zimezuiwa zisihamishiwe hapa?
- Serikali ina miaka mingapi ya kukagua kabla hesabu hazijahesabika kuwa zimekubaliwa?

Swali la mwisho ni la kufa na kupona. Dirisha la ukaguzi likifungwa, gharama iliyopachikwa imekuwa halali. Ndiyo maana ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na za PURA kuhusu ukaguzi wa gharama zisomwe bega kwa bega na kiambatisho hiki. Kurudi kwenye mfano wetu, ule mwaka wa kumi na tano: gharama ya uongo ya dola milioni 10 inapunguza faida ya kugawana kwa milioni 10, na TPDC anapoteza sita, bila mtu kuvunja kifungu chochote cha mgawanyo.

Umefaulu ukiwa na orodha ya aina za gharama kwa rangi mbili, na tarehe ya mwisho ya kukagua kila mwaka wa hesabu.

## Hatua ya 7: Tafuta kifungu cha kuhamisha hisa

Kampuni huuza vitalu. Mkataba useme nani anaidhinisha, na sheria ya kodi iseme faida ya mauzo inatozwaje.

Uganda ilijifunza hili kwa jasho. Mwaka 2010 kampuni ya mafuta ya Heritage iliiuzia kampuni nyingine, Tullow, hisa zake za Vitalu 1 na 3A kwa takriban dola bilioni 1.45. Serikali ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400. Heritage ikapinga, kesi zikaenda Kampala na London. Uganda ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na mnunuzi ambaye bado yuko nchini na anahitaji ridhaa yake, ikamtaka alipe kwa niaba ya muuzaji. Mwaka 2013 mahakama ya London iliamuru Heritage imrudishie Tullow dola milioni 313.

Tahadhari. Angalia kama kifungu kinagusa mauzo ya kampuni mama kule nje. Hisa zikiuzwa kwenye nchi yenye kodi ndogo, kitalu cha Mtwara kinaweza kubadilisha mmiliki bila karatasi hata moja kupita Dodoma.

Umefaulu ukiwa unaweza kujibu: serikali ikikataa mnunuzi, mauzo yanasimama au la?

## Hatua ya 8: Soma kifungu cha migogoro kana kwamba kesi ni kesho

Andika majibu ya maswali manne: sheria ya nchi gani inatawala? Usuluhishi unafanyika mji gani? Kwa kanuni za chombo gani? Na kuna kifungu kinachomlinda mkandarasi na mabadiliko ya sheria?

Hicho cha mwisho kina sura mbili. Cha zamani huigandisha sheria ya siku ya kusaini. Kipya zaidi husema sheria ikibadilika na kumuumiza mkandarasi, pande mbili zitajadiliana kurudisha uwiano wa kiuchumi. Kimoja kinaifunga mikono nchi, kingine kinaiachia ila kwa gharama. Usiviite kwa jina moja.

Sheria za Tanzania za 2017 zinataka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vilivyoundwa nchini na kwa sheria za nchi, na zinaliruhusu Bunge kuelekeza masharti hasi yajadiliwe upya. Lakini mkataba uliosainiwa kabla, au mkataba wa uwekezaji baina ya nchi mbili, unaweza kumpa mwekezaji mlango wa kwenda nje. Kwa hiyo tafuta pia kama nchi ya kampuni ina mkataba wa namna hiyo na Tanzania. Urudie mchoro wako wa hatua ya 3, ndiyo sababu nilikuambia uandike nchi ya kila kisanduku.

Anayedhani kifungu hiki ni cha mawakili peke yao atazame Nigeria. Mwaka 2010 ilisaini mkataba wa miaka 20 wa kusafisha gesi na kampuni ndogo iitwayo P&ID. Mtambo haukujengwa. Kampuni ikaenda kwenye usuluhishi London, na mwaka 2017 ikapewa tuzo (uamuzi wa kulipwa) ya dola bilioni 6.6, ambayo kwa riba ilipita bilioni 11. Mwishoni mwa 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza iliifuta baada ya kukuta rushwa na nyaraka za siri za serikali mikononi mwa kampuni. Nigeria iliponea chupuchupu, baada ya miaka ya kupigana, kwa kifungu ambacho mwaka 2010 kilikuwa aya chache tu mwishoni mwa mkataba.

Umefaulu ukiwa na majibu manne kwa maandishi, na ukurasa wa kila kifungu.

## Hatua ya 9: Andika maswali matano na uyapeleke mahali pake

Usiandike ripoti ya kurasa thelathini. Andika maswali matano, kila moja likiwa na namba ya kifungu, na ulielekeze kwa mwenye jibu:

- Gharama na uzalishaji: PURA.
- Hisa za ushiriki na mauzo ya gesi ya nchi: TPDC.
- Kodi: TRA, mamlaka ya mapato, kupitia ripoti ya TEITI kwa sababu hesabu za mlipakodi mmoja mmoja hulindwa.
- Ushuru wa huduma: mkurugenzi wa halmashauri, na umwombe msingi wa mauzo uliotumika, usiishie kwenye kiasi kilichopokelewa.
- Utekelezaji wa ushiriki wa Watanzania katika ajira na zabuni: PURA tena, chini ya kanuni za mwaka 2017.

Yule diwani alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii mstari mwekundu ulikuwa umehama kutoka kwenye mgawo hadi kwenye kiambatisho cha uhasibu, kifungu cha muda wa ukaguzi. Pembeni ameandika kwa mkono: "Mwaka gani wa mwisho umekaguliwa?" Barua yake kwenda kwa mkurugenzi ilikuwa na aya mbili, na ilisomwa kwenye kikao cha baraza la madiwani kilichofuata.